Gesi imekata wali wa nazi ukiwa nusu, wenyeji wa Tanga mnafanyaje?

Mgeni wa Raskazone
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimehamia Tanga kikazi kutoka Kigali. Mji nimeupenda, ila vituko vya jikoni vinanichanganya: gesi inakata wali haujakauka, umeme unazima jokofu limejaa samaki, maziwa yanakatika motoni. Majirani yakiwakuta hayohayo hata hawashtuki, tena siku hiyo ndiyo wanakula vizuri zaidi. Naomba utaratibu, na vipimo kama vipo.

Bi Mkubwa Ngamiani
Marahaba mwanangu, karibu Tanga. Tuanze na wali maana hausubiri. Gesi ikizima usikoroge. Chungulia mara moja: tui bado linaelea au limekauka?

Kama linaelea, funika, washa mkaa. Ngoja ushike hasa, kama dakika 15. Ukibandika unafuka bado, wali utanuka moshi. Halafu uache ukauke. Wengi huharibu hapa: wanaona umechelewa, wanaongeza maji. Mchele uliomo kwenye tui la moto unaendelea kunywa hata bila moto, kwa hiyo ukiongeza tu umepata bokoboko. Mchele vikombe 2 unatosha na tui vikombe 4, mchele mpya hata 3 na nusu.

Kama limekauka, umebahatika kuliko mwenye mtungi uliojaa. Palia. Chini bakiza makaa matatu manne, mengine yote juu ya mfuniko, dakika 20. Moto wa juu unakausha punje za juu, wa chini unakaanga ukoko kwa mafuta ya nazi yenyewe. Gesi haina moto wa juu, ndiyo maana wali wake juu hubaki na majimaji. Sikilizia harufu: ikiwa ya nazi iliyokaangwa, acha. Ikianza kuwa chungu puani, epua hapohapo.

Mgeni wa Raskazone
Asante sana mama. Mfuniko wangu ni wa kioo, utafaa?

Fundi Majiko Makorora
Usithubutu mkuu. Kitapasuka na vipande vyote viingie kwenye wali. Tumia sinia la bati au mfuniko bapa wa aluminiamu, upite mdomo wa sufuria kidogo ili majivu yasidondokee ndani. Kabla ya kufunua, ondoa makaa kwanza kwa koleo. Na jiko likae uani. Ndani ya chumba kilichofungwa mkaa unaua hata kama huoni moshi.

Kuhusu mtungi: uzito wake ukiwa mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Pima, toa, kinachobaki ndiyo gesi yako. Huna mizani? Mwagia maji ya moto ubavuni kisha papasa kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipoishia. Wanaolaza mtungi ili "umalizike vizuri" wanacheza na moto, maana gesi inaweza kupita kwenye mpira ikiwa bado ya majimaji.

Mvuvi Sahare
Samaki sasa. Umeme ukikatika, acha kufungua mlango kila mara. Jokofu lililofungwa hulinda kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika siku 2, iliyo nusu siku 1. Wapike kwanza jodari, nguru na vibua. Wakikaa kwenye joto hujitengenezea sumu inayowasha mwili na kuufanya uso mwekundu, na kupika hakuiondoi. Samaki akikuwasha ulimi kama pilipili, tupa.

Changu na tasi ambao bado wana ubaridi wafanye ng'onda. Pasua mgongoni, toa matumbo na matamvua, kwangua damu yote iliyoshikana na uti wa mgongo, maana hapo ndipo huanza kuoza. Chumvi ya mawe kilo 1 kwa samaki kilo 3 au 4. Walaze usiku kucha, mwaga maji yaliyotoka, suuza harakaharaka, anika juani siku 2 au 3 juu ya wavu ulioinuliwa, chandarua juu kwa ajili ya nzi. Magharibi waingize ndani. Masika usijaribu, atanuka kabla hajakauka. Wewe kaanga tu. Wapo wanaofanya ng'onda makusudi na umeme upo. Ng'onda wa tui na embe mbichi, kwa ugali, samaki wa friza hamfikii.

Bi Mkubwa Ngamiani
Mvuvi umesema kweli, ila mwambie amroweke kwanza, chumvi itamshinda.

Maziwa ni mepesi. Yakikatika, lita 1 kamulia ndimu 1, moto mdogo dakika 2, chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi na pilipili manga. Hiyo jibini. Yakiwa na utelezi au harufu chungu, mwaga. Yale maji yaliyochujika yahifadhi, kandia chapati.