MREJESHO: Mwezi wangu wa kwanza Padova, Italia

Wakuu, shikamooni. Kabla ya safari niliuliza nianze na kipi nikifika Italia kusoma, mkanijibu: makaratasi kwanza. Asanteni sana, mliniokoa.

Kibali cha ukaazi, permesso di soggiorno, kinaombwa ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie. Bahasha ya fomu unaichukua posta, bure. Stempu ya euro 16 nilinunua duka la sigara, lile lenye herufi T kubwa nje. Risiti ya posta itunzeni kama mboni ya jicho, ndiyo inayokubeba mpaka kadi itoke. Codice fiscale, namba ya mlipakodi, nayo ni bure, na mwenye nyumba aliitaka kabla ya kuandikiana mkataba.

Kilichoniuma ni treni ya kwenda Venezia. Tiketi ya karatasi ninayo mkononi, ila sikuigonga kwenye mashine kabla ya kupanda. Faini! Niliumia kweli, hela ya chakula ile.

Sokoni Piazza delle Erbe nimejifunza kutoa buongiorno kwanza, na matunda sichagui kwa mkono, muuzaji ndiye anachagua. Mama mmoja pale ameshanizoea, ananiongezea nyanya.

Halafu ugali upo, jamani! Mkoa huu wa Veneto wana polenta nyeupe, unga wa mahindi meupe kabisa. Epukeni tu ule uliopikwa tayari. Jana nimesonga, nikala na maharage, nikampigia mama simu nikiwa bado natafuna.