Niko Riyadh peke yangu, usiku naogopa, nyie mnasalije?

Wapendwa habari, niko huku kazi za ndani mwezi wa 4 sasa, kanisa Saudia hakuna, simu napewa usiku tu, nikizima taa moyo unaenda mbio hadi kusali nashindwa. Mnafanyaje?

— Pole dada. Mi nilianza na Zaburi 121 tu, naisema kimoyomoyo huku napiga pasi, siku zingine hata siamini ninachosema ila naendelea.

— Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, miguu imebanwa, soma Matendo 16.

— Sali, ila namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi uifiche, simu wakikunyang'anya je?

— Asanteni jamani, nimeiandika nyuma ya picha ya mwanangu, na 121 pembeni yake.