Naombeni ushauri: kazi ya uwakala wa pesa naiweka vipi kwenye CV?

binti_chanika:
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Nina diploma ya uhasibu, nimemaliza 2022, fildi (mafunzo kwa vitendo) nilifanya halmashauri. Tangu hapo sijapata ajira ya kueleweka, nakaa kwenye kibanda cha uwakala cha mama mdogo huku Gongo la Mboto, natoa na kuweka pesa mitandao yote pamoja na benki, jioni napiga hesabu nafunga daftari namtumia yeye. Maombi natuma sana private na serikalini lakini kimya, hata usaili siitwi. CV yangu ina kurasa 4, imechapwa stesheni (duka la kuchapa na kutoa kopi) kwa mfano waliokua nao pale. Sasa rafiki angu ananiambia ya uwakala nisiiweke kabisa itanishusha, bora ionekane sina uzoefu, mwingine anasema niandike nilikua mhasibu msaidizi wa kampuni flani. Nifuate lipi? Na hiyo CV moja naweza kuituma kote?

Mzee wa Rasilimali Watu:
Mdogo wangu pole na hongera kwa kutokukaa bure. Mimi napokea maombi ya kazi kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar, ngoja nikueleze tunavyosoma. Nafasi moja ya karani wa fedha inaleta maombi lundo, hakuna anayekaa na CV yako kama anasoma gazeti, jicho linapita nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kama hapo hamna kitu kinachohusiana na kazi iliyotangazwa tunaenda kwa anayefuata. Na nyingi hapo juu zimejaa dini, hali ya ndoa, shule ya msingi uliyosoma, na lile lengo la kazi ambalo kila mtu kalikopi neno kwa neno. Toa vyote hivyo. Kurasa 2 zinakutosha kabisa.

Sasa uwakala. Aliyekwambia ufiche amekupoteza kabisa. Wewe kila siku unashika pesa za watu, unagawa floti, yaani salio la kuhudumia wateja, kati ya mitandao ili usiishiwe upande mmoja, unaandika kila muamala, unafunga hesabu jioni na taslimu ikubaliane na kilichopo kwenye simu, muamala ukienda namba siyo unaufuatilia mpaka mteja atulie. Hiyo ndo kazi ya fedha yenyewe! Ila ukiandika "nilikua nauza M-Pesa" mimi sitaona chochote. Andika cheo cha kweli, wakala wa huduma za fedha, mahali, tangu mwezi gani mwaka gani, halafu chini yake mistari mitatu au minne ya ulichofanya na namba zake. Kama floti ya kibanda ni milioni 2 sema milioni 2, kama kwa siku mnahudumia watu 60 sema 60, usiongeze hata mmoja maana nitakuuliza kwenye usaili na nitajua. Iweke JUU ya fildi kwa sababu ndo ya karibuni.

Na hilo la kujiita mhasibu msaidizi wa kampuni usithubutu. Tunapiga simu. Nikigundua cheo ni cha uongo siamini tena hata diploma yako.

stesheni_ya_ukweli:
Nakazia hapo kwa mzee. Mi nachapa CV za watu kila siku, nnachokiona wengi wanataka urembo, rangi, safu mbili, vile vinyota vya kuonyesha unajua Ekseli kiasi gani, sasa nyota 4 za Ekseli maana yake nini? Sema unachoweza kufanya nayo, kujumlisha, kuchuja data, kutengeneza ripoti ya mwezi. Alafu makampuni mengine makubwa CV inaanza kupita kwenye programu kabla ya mtu, hizo safu mbili na majedwali yanaweza kuvuruga maneno yasisomeke. Fonti moja ya kawaida, nyeusi kwenye nyeupe. Hifadhi kama PDF, faili lipe jina lako na nafasi unayoomba, sio "CV mpya mwisho 3". Na imeili iwe ya majina yako, bado naletewa za sweetbaby nichape kwenye CV ya mtu wa benki jamani.

mtumishi_dodoma:
Dada upande wa serikali ni habari nyingine, usichanganye. Kule unajaza taarifa zako kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na wengi wanaachwa kabla hata CV haijasomwa kwa sababu ya viambatisho. Soma tangazo mpaka mwisho. Mara nyingi wanataka vyeti vyenyewe vilivyothibitishwa na mwanasheria, cheti cha kuzaliwa, barua ya maombi iliyosainiwa, na CV yenye wadhamini watatu. Matokeo ya muda ya chuo na result slip za form 4 hazikubaliki, tangazo linasema wazi. Angalia pia majina, kama cheti cha form 4 kina majina mawili na NIDA ina matatu au herufi zimepishana rekebisha mapema kisheria, watu wanafika mpaka mlangoni kwenye usaili wanarudishwa na inauma sana.

pwani_msa:
Nawasoma kutoka Mombasa, huku Kenya pia ni vivyo hivyo, kazi za serikali zina karatasi zake na private wanataka kuona umefanya nini. La kuongeza tu, CV moja usitume kote. Chukua tangazo, tia alama kwa kila kitu wanachokiuliza, kisha kile ulicho nacho kipandishe juu. Wakitaka mtu wa kuhudumia wateja, wateja wako wa kibandani watangulie, wakitaka wa hesabu basi kufunga daftari ndo kutangulie. Ni kazi ya nusu saa, sio kuandika upya.

binti_chanika:
Asanteni sana, yani nimepata nguvu. Nimejaribu hivi kwa Kiswahili kwanza ntakiweka Kiingereza baadae: "Wakala wa huduma za fedha, Gongo la Mboto, 2023 hadi sasa. Nasimamia floti ya sh milioni 3 kwenye mitandao minne na benki mbili. Nafunga hesabu kila siku na kulinganisha taslimu na salio la mfumo. Naandaa ripoti ya kamisheni kila mwisho wa mwezi." Iko sawa? Na wadhamini, mama mdogo naweza kumuweka? Ndo bosi wangu kweli lakini ni ndugu.

Mzee wa Rasilimali Watu:
Hapo sasa nakuita! Huo mstari wa ripoti ya kamisheni upandishe uwe wa pili, ndo unaokutofautisha na mawakala wengine. Mama mdogo usimuweke, ndugu hatumpi uzito. Weka aliyekusimamia fildi halmashauri, mwalimu wako wa chuo anayekukumbuka, na wa tatu yule wakala mkuu anayewaletea floti kama mnafanya nae kazi muda mrefu, huyo ameona uaminifu wako kwenye pesa na akizungumza tunamsikiliza. Ila wapigie wote kwanza uwaombe, uhakikishe namba zinapatikana, na watumie hiyo CV mpya wajue umeandika nini. Tangazo lolote la karani wa fedha ukiliona liweke hapa tulipitie pamoja kabla hujatuma.