Nawezaje kupata jedwali la PowerShell kama lilivyo, ndani ya programu ya C#?

kodi_usiku:
Wadau habari zenu, nimekwama toka jana. Natengeneza kaprogramu ka C#, mtumiaji anaandika amri ya PowerShell (ile programu ya kuendesha kompyuta kwa amri za maandishi) kwenye kisanduku, anabonyeza kitufe, matokeo yanatokea chini. Amri zinafanya kazi, shida ni muonekano. Get-Process, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, kwenye PowerShell ya kawaida inanipa jedwali safi, vichwa juu, kolamu zimenyooka, ila kwangu nikizungusha foreach kwenye kile Invoke (inayoendesha amri) inachorudisha na kuita ToString naona System.Diagnostics.Process na jina la programu basi, hakuna Id wala kumbukumbu. Nikaongeza Format-Table mwishoni ndo ikaharibika kabisa, saivi naona Microsoft.PowerShell.Commands.Internal.Format.FormatStartData na wenzake. Sitaki kupanga kolamu kwa mkono maana mtumiaji anaweza kuandika amri yoyote. Kuna njia?

bomba_la_data:
Mkuu, Get-Process haijawahi kukupa jedwali hata siku moja. Inatoa objekti, yaani vifurushi vya data vyenye sifa zake kama Id na jina. Jedwali unaloliona linachorwa mwishoni kabisa, ukiwa kwenye dirisha la PowerShell lenyewe linabandika Out-Default kimyakimya nyuma ya amri yako, na hiyo ndo inaangalia objekti ya aina hii huwa inaonyeshwaje. Programu yako haina hiyo hatua kwahiyo unapokea objekti mbichi. Format-Table nayo haitoi maandishi, inatoa maelekezo ya kuchora, ndo hizo FormatStartData, zinasubiri mtu wa kuzichora. Mchoraji wako ni Out-String:

`var matokeo = ps.AddScript(amri).AddCommand("Out-String").AddParameter("Width", 200).Invoke();`

Hapo ps ni ile objekti ya PowerShell unayoitumia kuendesha amri. AddCommand inajiunga kwa paipu (njia ya kupeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine) na kilichotangulia, huna haja ya kuandika alama yake ya |. Inarudi stringi moja ndefu yenye mistari yote, ukitaka mstari mmoja mmoja ongeza parameta ya Stream. Na Width usiiache, bila hiyo upana unakuwa finyu na majina marefu yanakatwa.

mzee_terminali:
Mi ningeanzisha tu pwsh (PowerShell yenyewe) kama prosesi ya pembeni nisome inachotoa, maandishi yanakuja yameshapangwa tayari.

bomba_la_data:
Inawezekana mzee wangu, ila kila amri unasubiri pwsh iwake upya, na vigeu vya amri iliyopita vinapotea. Tena ukishapokea maandishi objekti umezipoteza. Yeye akitaka kesho kuchuja kwa Id anasoma `Properties["Id"].Value` moja kwa moja, akianza kukatakata jedwali kwa kuhesabu nafasi ataumia siku upana ukibadilika. Jedwali ni la macho tu jamani, kodi isome objekti.

kodi_usiku:
Aisee asante sana, imekubali! Ila mambo mawili, kolamu bado zimepinda kidogo, halafu vichwa vina vitu kama [32;1m mbele yake. Natumia toleo la 7.4.

bomba_la_data:
Kupinda ni fonti, weka yenye herufi za upana sawa kama Consolas, maana PowerShell inapanga kolamu kwa kujaza nafasi. Hizo [32;1m ni kodi za rangi, terminali inazielewa ila kisanduku chako hakizielewi. Toka 7.2 kuna kigeu cha kuzizima, kiendeshe mara moja kabla ya amri za mtumiaji:

`$PSStyle.OutputRendering = 'PlainText'`

Kingine ambacho hujauliza ila kitakusumbua, makosa hayapiti kwenye hiyo paipu. Mtumiaji akikosea jina la faili kwenye Get-Item ataona kisanduku kitupu adhani programu imekufa. Kila baada ya Invoke angalia ps.HadErrors, ikiwa kweli chukua vilivyomo kwenye ps.Streams.Error umuonyeshe.

kodi_usiku:
Daah kumbe ndo maana jana amri zingine zilikuwa kimya kabisa, nikahisi kitufe kibovu. Naongeza sasa hivi, kwa rangi nyekundu.