Bendera ya Mjerumani kwenye Boma la Mikindani: ipepee au isipepee?

Mwana Mikindani: Wadau, habari za jioni. Juzi nimepita Boma la Mikindani huku Mtwara, ngome ya zamani ya Wajerumani, mtembeza wageni mmoja akaniambia pale mnarani pangependeza ikipandishwa bendera ya zamani ya Mjerumani, wageni wapate picha. Boma ni la 1895, leo ni hoteli baada ya kukarabatiwa na shirika la Waingereza, Trade Aid. Mimi nasema hapana. Nyie je? Nawasilisha.

Korosho Ghafi: Bendera ni kitambaa tu. Vijana wetu wanapata kazi pale. Mgeni akitaka kitambaa apewe, alale siku mbili badala ya moja.

Binti Kivinje: Kitambaa tu? 1888 kampuni ya Wajerumani ilipolazimisha kupandisha bendera yake kwenye miji ya Sultani wa Zanzibar, pwani yote iliwaka. Kilwa wazungu wake wawili waliuawa. Ikabidi kamanda wao Wissmann aje na manowari Mei 1890 kuiteka upya Kilwa, Lindi na Mikindani. Na 1895 hiyohiyo ya boma lenu, huku kwetu Kilwa Kivinje walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Mahali penyewe mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Njoo utuambie habari za kitambaa.

Korosho Ghafi: Dada, punguza jazba. Mzungu hakuja na jeshi la wazungu. Bunduki walishika askari weusi, babu zenu haohao mnaowalilia.

Mjukuu wa Mpagazi: Mkuu, hapo umenigusa pabaya. Babu zetu wepi? Askari wa kwanza wa Wissmann walikuwa Wasudani na watu aliowatoa Msumbiji. Babu wa baba yangu alikamatwa shambani kwake Nyangao kubeba mizigo ya jeshi, vita ya Mahiwa 1916. Hakurudi, hana kaburi. Leo unamwita askari?

Mwalimu Mstaafu: Mahiwa ni Oktoba 1917, mwanangu, tarehe 15 mpaka 18. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,000, wengi wao Wanigeria na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku mashariki. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma. Lakini Korosho naye ana lake la kweli: wakati huo askari wa Mjerumani wengi walikuwa wa nchi hii hii, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo.

Mjukuu wa Mpagazi: Shikamoo mwalimu. Mwaka nimekosea, nakubali. Ila Mnyamwezi si babu yangu! Korosho kaandika "babu zenu". Afute.

Kijana wa Newala: Mbona hamumtaji Machemba, Mmakonde mwenzetu aliyewagomea Wajerumani?

Binti Kivinje: Machemba ni Myao. Uwanda wa Makonde kakaa, sawa, na 1890 alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili, akimkatalia kabisa kwenda kumsujudia. Lakini Myao.

Kijana wa Newala: Kala mhogo wetu mpaka 1899 anavuka kwenda Msumbiji, bado Myao tu?

Mama Nachi: Wanangu, mnagombania bendera ya aliyewatandika. Huku kwetu Nachingwea ilikuwa kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Nilikuwa mtoto, alfajiri tunawasikia wale vijana wakiimba mchakamchaka. Mei 1975 kiongozi wao Samora Machel aliondokea huku kuelekea Maputo, na tarehe 25 Juni nchi yao ikawa huru. Kama mlingoti upo, ukasimamishwe huku.

Mwana Mikindani: Mama, nakuunga mkono, ila mada ni boma...

Mjukuu wa Mpagazi: Boma litasubiri. Korosho afute kwanza.

Korosho Ghafi: Sifuti. Babu mzaa bibi yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Ukoo mzima tuliambiwa alikuwa mfanyabiashara wa pembe, bibi kanieleza ukweli akiwa kitandani siku zake za mwisho. Mnapoandika "wavamizi" mimi namwona yeye, na sijui nimweke wapi. Niliposema babu zenu, nilianza na wangu.

Mjukuu wa Mpagazi: Ungeyasema haya toka mwanzo, ndugu yangu. Mahiwa alikuwepo?

Korosho Ghafi: Alikuwepo.