Yule wa kofia nyeupe kafunga boksi la medali KWA MGUU, mimi nikiwa nimebakiza mita ishirini

Wakuu, hata kuoga sijaoga. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba hapa Segerea, namba ya mbio bado iko kifuani, chumvi imeniganda usoni mpaka mtoto wangu wa mwisho kauliza nani kanipaka chokaa. Naandika kwanza ndipo nioge, maana nikioga hasira zitapoa, na hizi sitaki zipoe.

Sina haja ya kumtaja. Anayekimbia Dar anamjua. Yule wa kofia nyeupe, redio ya upepo kiunoni, filimbi shingoni, raba za laki sita ambazo tangu zitoke dukani lami wanayoijua ni ile ya kutoka mlango wa gari lake mpaka kwenye hema la wageni. Ziwe mbio za kuchangia figo, za madawati, za maji, yeye yupo pale pa kumalizia, kasimama kama malaika mtoa roho.

Leo huyo mtu kafunga boksi la medali kwa mguu. Mikono anayo yote miwili, mizima, na mmoja haukuwa umeshika kitu. Kwa mguu!

Ngoja nianze mwanzo.

Mbio za kilomita 21 zilitangazwa kuanza saa 12 kamili asubuhi. Mimi saa 9 usiku niko macho, nimekunywa uji, nimejipaka mafuta ya mgando kila panapokwaruzana, saa 10 na nusu nipo kwenye boda naelekea ufukwe wa Coco. Saa 12 kamili tumejipanga kwenye mstari, jua bado halijachomoza vizuri, kaupepo ka bahari kanapita. Tukaambiwa tusubiri, mgeni rasmi yupo njiani. Saa 12 na robo, yupo njiani. Saa 12 na nusu tumeshanyooshwa viungo mara ya tatu, watu wamechoka kabla ya mbio. Akafika, akahutubia kuhusu afya, akapiga picha na wadhamini mmoja mmoja mpaka nikadhani ni send-ofu ya mtu. Bendera ikashushwa saa 12 na dakika 48. Saa ninayo mkononi, nimeibonyeza mwenyewe.

Wasiokimbia watasema dakika 48 ni nini. Njoo ukimbie pwani ndipo utajua. Jasho la Dar linatiririka lakini halikauki, kwa sababu hewa yenyewe imeshashiba maji, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Moyo unadunda kama unapanda mlima na spidi ni ileile ya juzi. Ndiyo maana tunaamka na wachawi. Ukiondoka saa 12, nusu ya safari unaimaliza kabla jua halijaamua. Ukiondoka saa moja kasoro, ukirudi kwenye Daraja la Tanzanite unakuta kilomita nzima ya zege, mti hata wa dawa hakuna, jua juu, joto chini, na wewe ndiyo mandazi katikati.

Nikaenda hivyohivyo. Obama Drive, Ocean Road, mpaka kule feri nikageuza. Mpaka kilomita ya 12 nilikuwa na dakika 7 na nusu kwa kila kilomita, nimetulia. Daraja wakati wa kurudi ndilo lililoninyonya. Sikatai, kipande cha Toure Drive nimetembea mara kadhaa. Kilomita ya 17 nikafika kwenye meza ya maji, meza imekunjwa, kijana kalala juu ya katoni. Nikamwambia mdogo wangu naomba maji. Akasema, "Bro, tumetangaziwa kwenye redio mbio zimeisha." Redio ya nani? Mnaijua redio ni ya nani!

Aliyenipa maji ni mama wa mihogo pale Coco. Kaniona ninavyoyumba, kaacha karai la mafuta linachemka, kanimiminia kwenye kikombe cha plastiki chekundu, na kile kilichobaki kwenye jagi akanimwagia kisogoni. Hela kakataa. Mama yule Mungu amzidishie.

Sasa mita mia mbili za mwisho. Naliona lango, lile la kujazwa upepo. Naliona linainama. Nikadhani macho yangu. Kumbe wameshazima mashine, lango linalala taratibu kama mlevi anayetafuta kitanda chake. Nikakaza. Yule bwana kasimama pembeni ya meza, boksi lipo chini kwenye nyasi, limejaa, utepe wa bluu unaning'inia nje. Nimeuona kwa macho yangu. Nikanyoosha mkono, kama mtu anavyosimamisha daladala ya mwisho. Akaniangalia. Akaangalia saa yake. Akainua mguu wa kulia, akasukumia ndani kifuniko cha upande huu, pap, akasukumia cha upande ule, pap. Halafu akaniambia, "Mzee wangu, masaa matatu yamepita zamani. Medali ni za wakimbiaji."

Wakuu. Saa yangu ilisoma 2:51. Kikomo ni masaa matatu, nilikuwa na dakika tisa za kuchezea. Yeye kahesabia kuanzia saa 12 kamili, ile saa ya kwenye tangazo! Zile dakika 48 za mgeni rasmi kazikata kwenye miguu yangu mimi. Mgeni rasmi kachelewa kapewa kiti na maji ya baridi. Mimi niliyewahi tangu saa 11 ndiye niliyechelewa.

Na pale nyasini wapo watu wa kilomita 5 wamevaa medali imeandikwa 21, wanakula tikiti maji. Sina ugomvi nao, wamepewa. Ugomvi wangu ni mguu.

Mwaka 1968 kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka, goti likaharibika, akafika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka. Akafungiwa bandeji akaja hivyohivyo akivuta mguu. Mpaka leo dunia inaitaja Tanzania kwa mtu aliyekuwa wa mwisho kumaliza. Huyu wa kofia nyeupe angekuwa mlangoni pale, angezima taa za uwanja, angefunga boksi kwa mguu, na Akhwari angeambiwa mzee wangu nenda ukapumzike.

Elfu 40 yangu sidai. Medali akiniletea leo naitupa chooni. Nina miaka 43, nimeanza kukimbia nikiwa na kilo 104, daktari kaniambia sukari inanusa mlango, nimekimbia miezi kumi na moja Barabara ya Segerea na mbwa nyuma yangu. Nataka aniambie kitu kimoja tu. Kwa nini mguu?

*

Pweza Mkavu: Pole mkuu, povu halali kabisa. Namjua, nani asiyemjua? Kuna mbio nyingine ndiye aliyetusimamishia kona yule mtoto na kibendera, wote tukapelekwa Msasani tukakimbia kilomita 23. Tulipolalamika akasema tumepata mbili za bure.

Kiazi Mbatata: Simbu wetu kachukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, kilomita 42 nzima kwa 2:09:48. Wewe nusu yake umetumia 2:51. Mkuu ulikuwa unakimbia au unapima viwanja?

Baba Watatu Segerea (mwenye uzi): Kiazi, umemtaja Simbu vizuri. Simbu na yule Mjerumani walifika na muda uleule, ikabidi iangaliwe picha. Yaani watu walitulia wakaangalia mpaka sehemu ndogo ya sekunde ili mtu apate haki yake. Mimi nilikuwa na DAKIKA TISA na boksi likafungwa. Kwa mguu.

Shangazi wa Kijitonyama: Mguu gani?

Baba Watatu Segerea: Nimeandika, wa kulia. Raba ya machungwa, kamba imepigwa mafundo mawili. Soli safi kama sahani.

Shangazi wa Kijitonyama: Jamani 😂😂 mafundo kayahesabu. Huyu kaumia kweli.

Mtu wa Mbulu: Akhwari ni wa kwetu, usimchanganye na medali za bati. Yeye goti limeteguka, mji wenyewe uko mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, na kilomita 42 kazimaliza kwa 3:25. Wewe magoti mazima, usawa wa bahari, bahari yenyewe unaiona kwa macho.

Baba Watatu Segerea: Sijajilinganisha naye, kaka. Nimemlinganisha aliyekuwa mlangoni.

Ngamia wa Temeke: Mimi naona sawa tu mlivyofungiwa. Nyie wakimbiaji ni kero namba moja mji huu. Jumapili saa 11 alfajiri huku Mbagala mnapita na ngoma, filimbi na vuvuzela, mnaimba matusi ya Simba na Yanga, mtoto wa wiki tatu anaamka mpaka jioni halali. Afya ya nani hiyo?

Fundi Raba: Ngamia hao ni klabu za jogingi. Sisi ni wakimbiaji wa mbio ndefu, tunakimbia kimya na saa mkononi.

Ngamia wa Temeke: Tofauti yenu ni nini? Wote mnatoka jasho na kupiga picha.

Kidedea wa Tandika: Fundi Raba acha dharau. Jogingi za Temeke zipo kabla hamjajua kuvaa hizo saa zenu. Sisi mtu akibaki nyuma tunarudi kumchukua, tunamaliza wote na supu tunakunywa wote. Nyie wa Masaki mnafungiana boksi.

Pweza Mkavu: Hapo kweli Kidedea umeua.

Kijana wa Katoni: Wakuu salamu. Mimi ndiye niliyelala kilomita ya 17. Nimejiunga leo ili nijibu. Mzee samahani sana kwa maji. Mimi nimefika pale saa 9 usiku na lori, tuliahidiwa elfu 15 na chai, chai yenyewe sijaiona na posho tunaambiwa mpaka Jumatano. Redio ilipiga saa 3 na dakika 5, "kunjeni, gari linakuja." Gari limekuja saa 7 mchana, mimi halikunibeba. Nimetembea mpaka Morocco pale Kinondoni.

Shangazi wa Kijitonyama: Mwanangu, na jua lile! Umekula lakini?

Kijana wa Katoni: Nimekula mihogo kwa huyohuyo mama, shangazi. Hata mimi hela kakataa.

Baba Watatu Segerea: Mdogo wangu lawama si zako, nimekusamehe tangu palepale. Wewe ni shahidi. Sema, redio ilikuwa sauti ya nani?

Kijana wa Katoni: Mzee posho yangu bado sijapewa. Naomba nisiseme mpaka Jumatano.

Mwali wa Sinza: Jamani kuna mtu mwingine alijaza XL akapewa S? Fulana yangu mwanangu wa darasa la pili ndiyo inamtosha. Nimeambiwa "itajivuta." Ikijivuta mimi nitapumulia wapi?

Fundi Raba: Mimi kinyume chake. Nilijaza S nimepewa XXL, nimekimbia kama tanga la jahazi, pale darajani upepo ukanirudisha nyuma.

Kiazi Mbatata: Na wino umetoka. Nimefika nyumbani jina la mdhamini liko kwenye kifua changu, kwenye fulana halipo.

Baba Watatu Segerea: Wakuu tusitoke kwenye mada. Fulana zina uzi wake. Hapa tunazungumzia mguu.

Mwali wa Sinza: @Fundi Raba hiyo XXL unaiuza? Nina S mpya kabisa, haijavaliwa.

Ngamia wa Temeke: Nasubiri jibu la vuvuzela.

Kidedea wa Tandika: Njoo Jumapili ukimbie na sisi, utakuwa macho hutaisikia.

Fundi Raba: @Mwali tubadilishane tu dada. Yangu nimeifua mara moja. Nipo Sinza Kumekucha mpaka saa 2 usiku, jirani na wauza chipsi.

Mwali wa Sinza: Nakuja na boda, dakika kumi. Usiondoke.