Baba kafa kwa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni), nyumba nzima sasa tunaogopa kula. Watu wa Nyanda za Juu Kusini nishaurini

Binti wa Mafinga

Kamwene wakuu.

Mwezi wa tatu tulimzika baba, akiwa na miaka 63. Alianza kwa kusema ugali unamkwama. Tukacheka, tukamwambia anadeka. Baada ya wiki kadhaa kila tonge analisukumia kwa maji, mara akahamia kwenye uji, mwisho hata uji ukawa haupiti. Tulizunguka zahanati tatu tukipewa dawa za vidonda vya tumbo. Mpaka anaingizwa ule mpira wenye kamera, ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Tulikaa naye miezi minne tu.

Sasa shida ni sisi tuliobaki. Kaka ameacha sukari, nyama na maziwa kwa mpigo, amekonda hadi watu wameanza kumwaza vingine. Dada amenunua unga wa majani ya stafeli, kopo elfu arobaini na tano. Mama mdogo anasema mchawi ni kuku wa kisasa. Mama mwenyewe hasemi kitu. Anakaa jikoni na moto wake wa kuni, anachemsha chai, anakunywa ikiwa bado inafuka, kama walivyokuwa wakinywa na baba miaka yote.

Tule nini, tuache nini? Na hii kitu ni ya kurithi? Sisi tunalima mahindi na viazi, hatuna hela ya vyakula vya supamaketi.

Mnyalukolo Halisi

Pole sana dada, mzee apumzike kwa amani. Naweka kambi hapa nisubiri wataalamu. Na mimi mzee wangu chai yake wewe ukiigusa unaungua ulimi, yeye anaimeza kama maji ya mtungi.

Tiba Asili Kusini

Poleni. Stafeli ndiyo kiboko yake, ila dada yako kauziwa feki. Njoo inboksi nikupe mchanganyiko wa stafeli, mlonge na magadi, dozi ya miezi mitatu, kwa wafiwa napunguza bei.

Sokomatola Kwetu

Punguzo la wafiwa! Yaani hata aibu huna. Shangazi yangu aliacha kliniki akanywa mchanganyiko wa namna hiyo miezi sita. Uvimbe ukawa unaendelea na safari yake kimya kimya. Siongezi neno.

Sista Mstaafu

Binti yangu, pole. Mimi nimekaa wodini miaka 31, sasa nimestaafu nafuga ng'ombe wangu Tukuyu. Nianze na la kurithi kwa sababu ndilo linalowanyima usingizi. Saratani zinazotokana na vinasaba vya kurithi moja kwa moja ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya zote. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 zingeweza kuzuilika. Kwa hiyo mna la kufanya, ila hakuna chakula kimoja kinachokinga, wala kimoja kilichomuua mzee.

Stafeli kama tunda, kuleni. Ule unga wa majani haujathibitishwa kuponya saratani kwa binadamu, na kuna kemikali ndani ya mmea huo, anonasini, ambayo watafiti kule Guadeloupe waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson. Dada yako aachane nao.

Kaka naye arudi mezani. Kila seli mwilini inatumia sukari, nzima na mbovu. Ukijinyima unaumia wewe. Ubaya wa sukari ni pale inapokunenepesha, kwa sababu unene uliozidi unaongeza hatari ya saratani za aina nyingi, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti kwa waliokoma hedhi. Yeye anayekwenda shamba kwa miguu na amekonda, sukari siyo kesi yake. Na maziwa aliyoyaacha, ushahidi uliopo unaonyesha yanapunguza saratani ya utumbo mpana.

Sasa niambie mzee aliishi vipi. Alivuta? Alikunywa?

Binti wa Mafinga

Asante sana mama. Alivuta tangu ujana, aliacha alipofika hamsini na kitu. Ulanzi msimu ukifika, na msimu ukiisha komoni, pombe ya nafaka. Chai ndiyo hiyo, vikombe vinne vitano kwa siku. Baridi ya huku si unaijua.

Sista Mstaafu

Basi umeshajijibu nusu. Sigara na pombe kila moja peke yake inaongeza hatari ya saratani ya umio, zikikutana kwa mtu mmoja hazijumlishani, zinazidishana.

La tatu ni ule moto wa chai. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliviweka vinywaji vya moto sana, kuanzia nyuzi joto 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Siyo majani ya chai, watu wa Mufindi msinirushie mawe. Ni joto lenyewe. Umio hauna ngozi ngumu kama kiganja. Ukiuunguza leo, kesho, na keshokutwa, unabaki unajikarabati tu. Na ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, kwetu, Malawi hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia.

Ticha wa Kemia

Ngoja niwape kitu cha maabara. Niko shule moja hapa karibu na Mafinga, tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hayafiki nyuzi 100, yanachemka kama 94 hivi. Baada ya kusoma uzi huu nikachukua kipimajoto. Chai ya rangi kutoka kwenye chupa, kikombe cha bati: 84. Nikakaa naiangalia kama mwendawazimu. Ilishuka chini ya 65 dakika ya nane, na dirisha lilikuwa wazi. Dakika nane! Mimi huwa nimeshakimaliza na ninamimina cha pili.

Ukitia maziwa baridi kidogo, inashuka papo hapo.

Mdindifu

Mmeanza sasa. Ulanzi unatoka kwenye mwanzi, Mungu mwenyewe kaugema, hauna kemikali. Wazee wetu wamekunywa na wameishi miaka tisini.

Sista Mstaafu

Mwanangu, kemikali ni pombe yenyewe. Mwili unaigeuza kuwa asetaldehaidi, na hiyo ndiyo inayoharibu vinasaba vya seli. Haiulizi kama imetoka kwenye mbeta ya mwanzi au kwenye chupa yenye lebo. Ulanzi ukiwa mtogwa, umegemwa asubuhi na bado mtamu, pombe yake ni kidogo. Ukishakuwa mkangafu hiyo ni pombe kama pombe nyingine. Wazee wa miaka tisini unawaona kwa sababu wamebaki, waliokufa hamsini hawaji kilabuni kukuhadithia.

Sokomatola Kwetu

Sista naomba unijibu polepole, nina presha. Kitimoto je? Mimi kila Ijumaa nusu kilo, ndizi mbili, pilipili.

Sista Mstaafu

Nguruwe ni nyama nyekundu, iko kundi moja na ile chai ya moto. Wataalamu wa lishe na saratani wanashauri isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Nusu kilo yako mbichi ikitoka jikoni inabaki kama gramu 350. Kwa hiyo Ijumaa yako haina tatizo, kama Jumamosi huli mishikaki na Jumapili supu ya utumbo. Palipoungua pakawa mkaa, kwangua utupe.

Soseji ndiyo nyingine kabisa. Nyama za kusindikwa, mwaka 2015, ziliwekwa kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa. Gramu 50 kila siku, yaani soseji moja tu, zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Wazazi wa Mbeya mjini mnaowafungia watoto soseji za shule kila siku mkidhani ndiyo maendeleo, nawasalimu.

Mkulima Igwachanya

Mnazungumzia nyama tunayokula siku za sikukuu. Tuongee mahindi, ambayo tunakula asubuhi mchana jioni. Mmesahau SUMUKUVU.

Kwetu tunavuna mwezi wa sita wa saba, kuna ukungu, mahindi hayakauki vizuri. Watu wanayamwaga chini kwenye udongo, mvua ya ghafla inayapitia, yanarudishwa ndani hivyo hivyo yakiwa na unyevu. Kuvu inaota, inatoa sumu. Sumu hiyo inaleta saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari inazidi mara nyingi. Kupika hakuiondoi. Ikiwa nyingi inaua haraka hata kabla ya saratani, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa.

Mimi nafanya hivi. Mahindi yanaanikwa juu ya turubai. Kabla ya kuyahifadhi nachukua chupa kavu ya kioo, naweka mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, natikisa dakika moja au mbili, naacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, narudi juani. Ikishuka yote chini, sawa. Kisha mke wangu na mimi tunakaa chini na ungo, tunatoa yaliyovunjika, yenye rangi ya kijani, yenye vumbi la kijivu kwenye ncha, yaliyotobolewa na wadudu. Kwenye gunia moja yanaweza kutoka madebe mawili, inauma kweli. Karanga vilevile, ile iliyosinyaa na chungu teme, usimeze kwa aibu.

Na hapa ndipo penye dhambi yetu. Yale mabovu tunayapeleka wapi? Kwenye komoni, na kwa ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa. Kwa hiyo yanaturudia kwenye chai.

Sista Mstaafu

Mkulima umenigusa pabaya. Jana tu nimewapa ng'ombe pumba zenye harufu nikasema wao hawachagui.

Niongeze kuhusu ini: watoto wa siku hizi wanachanjwa homa ya ini B kwenye zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14. Sisi wakubwa wengi hatukuchanjwa, kwa hiyo pimeni kwanza, asiye nayo achanjwe.

Dada wa Uyole

Wadada humu tunaongea umio na ini, wakati saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na hiyo haitokani na chakula chochote. Ni kirusi, HPV. Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ipo, siku hizi ni dozi moja. Sisi tuliofika 30 tukapime, wenye VVU waanze mapema zaidi. Wanapaka siki, wanaangalia rangi ikibadilika. Ni dakika chache. Mimi niliogopa miaka minne nikaenda nikatoka nacheka.

Mleta mada, umesema mama anakaa jikoni na kuni. Lina dirisha?

Binti wa Mafinga

Halina. Lina tundu juu ukutani, paka ndiye anapitia.

Dada wa Uyole

Moshi wa kuni nao unahusishwa na saratani ya mapafu, na macho na kifua utavisikia kabla ya hapo. Toboeni dirisha, kuni ziwe kavu. Ni fundi wa nusu siku.

Mnyalukolo Halisi

Na sisi tusio na hela tunakula nini sasa? Jibuni hilo, mleta mada aliuliza.

Mkulima Igwachanya

Anachokula tayari! Dona badala ya sembe, kwa mahindi yaliyochambuliwa vizuri, maana ukikoboa unatupa zile nyuzi zinazosaidia utumbo. Kande yenye maharage mengi. Majani ya maboga, figiri, kabichi, njegere. Parachichi huku linadondoka chini tunawapa nguruwe, halafu tunapanda basi kwenda kununua unga wa kopo.

Binti wa Mafinga

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Kaka kala kande jana, sahani mbili. Dada amemtafuta muuzaji arudishiwe hela, simu haipokelewi. Fundi amekuja, jikoni sasa kuna dirisha, mama analalamika baridi.

Kwenye chai tumepambana. Nikimimina nafunika kikombe kwa sahani, namwambia akawape kuku kwanza. Akirudi anakunywa anasema, "Hii siyo chai, ni maji ya kumuogeshea mtoto." Lakini anakunywa.

Juzi usiku aliniuliza jambo. Alisema, "Miaka yote hiyo nilikuwa nampa ya moto kwa sababu aliipenda hivyo. Ni mimi niliyemuua?" Sijaweza kumjibu mpaka leo.

Sista Mstaafu

Kwa mtu mmoja hakuna daktari anayeweza kusema ni kikombe, sigara au komoni, hata kama angempasua. Lakini hilo usimsomee kutoka kwenye simu. Niwekee namba inboksi, nitampigia mwenyewe jioni nikimaliza kukamua.